Barua Kwanza, Sukari Baadaye: Mwongozo wa Anayekwenda Kujitolea Piyaya

Wakenya wengi wa umri wangu tulilisikia jina la Loliondo mara ya kwanza mwaka 2011, pale mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alipokuwa akigawa kikombe chake cha dawa katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni siku kwa siku. Babu, kama alivyoitwa, alifariki 2021 na ile foleni ilikuwa imekwisha zamani. Lakini wilaya ile ile ya Ngorongoro bado inapokea wageni wa aina nyingine, nao ni vijana waliokuja kujitolea. Mwenye bahati hupangiwa Wasso, penye hospitali na maduka. Wewe umepangiwa Piyaya. Basi soma haya kabla hujafunga begi.

Piyaya ni kata ya wafugaji wa Kimaasai katika ukanda wa Milima ya Gol, mashariki ya nyanda za Serengeti. Ukiitazama kwenye ramani iko jirani na kila kitu maarufu: Serengeti magharibi, Olduvai kusini, mlima wa moto wa Ol Doinyo Lengai mashariki. Ukiwa ndani ya gari, iko mbali na kila kitu.

Mpakani

Sisi majirani tuna ugonjwa wetu. Kwa kuwa tunazungumza Kiswahili na tumo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, tunadhani makaratasi ni ya Wazungu. Kweli, Mkenya au Mganda hagongewi viza ya kulipia pale Namanga. Lakini ile pasi ya matembezi unayogongewa ni ya matembezi tu. Haikuruhusu kufanya kazi, hata ile isiyo na mshahara. Mtu wa kujitolea ana kibali chake, kibali cha ukaazi daraja C, na taasisi inayokupokea ndiyo inayopaswa kukushughulikia. Wakikwambia “njoo tu, tutapanga ukishafika,” wajibu kwa adabu kwamba utakuja wakishapanga. Mwenzangu mmoja aliyekubali maneno hayo alikaa Arusha wiki tatu akila akiba yake, na mwisho akarudi kwao bila kuiona hata ngozi ya ng'ombe.

Usidanganywe pia na ukaribu wa mpaka. Kutoka Narok utaiona Tanzania kwa macho, na ndugu wa Kimaasai wa pande zote mbili hutembeleana kama watu wa mtaa mmoja. Wewe pitia Namanga. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya mwezi Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na ingawa mpaka ulifunguliwa tena 1983, njia ya Bologonja kati ya Maasai Mara na Serengeti haikurudishiwa wasafiri. Kutokea Loliondo ukiwa na pasipoti isiyo na muhuri wa kuingia ni kuanza kazi ukiwa mtuhumiwa.

Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nunua laini ya simu Arusha, ambako utasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, ila kabla ya kuchagua kampuni mpigie mwenyeji wako umuulize ni mtandao upi unashika kijijini kwao. Badilisha fedha zote ziwe shilingi za Tanzania, kwa sababu tangu 2025 kanuni zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na mwenye duka la porini hataki kujua shilingi ya Kenya inabadilishwaje. Jambo la mwisho hapa: malipo ya serikali, yawe ya kibali au ya lango la hifadhi, hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa na ofisi, na unapewa stakabadhi. Usimwekee mtu noti mkononi, hata akiwa na kofia.

Karatu

Kutoka Arusha lami inapita Makuyuni na Mto wa Mbu, inapanda hadi Karatu, na inakwishia kwenye lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Kuna njia nyingine ya kwenda Wasso, ile ya Engaruka, Ngare Sero na Ziwa Natron, na mabasi ya Arusha hutumia hii au ile. Ukipita Lodoare, pasipoti ya nchi ya Jumuiya hukupa kiwango cha chini kuliko cha mgeni wa mbali, na lango hufungwa saa 12 jioni. Aliyechelewa analala Karatu, apende asipende.

Kwa kweli ningekushauri ulale Karatu hata kama hujachelewa. Ni mji wa Wairaqw, wakulima hodari wa mahindi, ngano na vitunguu, na ndipo mahali pa mwisho penye bei za kawaida. Nunua taa ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu, kufuli mbili, dumu la lita 20 lenye mfuniko usiovuja, na sweta. Watu wa Mombasa na wa Kampala hucheka wakisikia sweta. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai ukungu hupita barabarani mzito kama moshi wa jiko la kuni. Huko mbele nyanda ni za chini kidogo, lakini usiku upepo unajua njia ya kuingia.

Ndara za mpira ziache nyumbani. Mwiba wa mgunga huipita ndara kama sindano inavyopita kanga. Nunua katambuga, zile za tairi la gari ambazo kwetu tunaziita akala. Nilidharau ushauri huu siku tatu tu. Siku ya nne bibi mmoja alinitoa mwiba kisiginoni kwa pini, wajukuu wake wakitazama kwa utulivu mkubwa, kama wanaotazama fundi akiziba pancha.

Vumbi nalo ni somo. Nyanda zile zimefunikwa majivu ya volkano yaliyotupwa na milima ya jirani kwa maelfu ya miaka, na Lengai ulimwaga mengine mapya 2007 na 2008. Majivu hayo yaligandamana chini ya udongo yakawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana utaona nyasi fupi hadi upeo wa macho bila mti. Juu ya tabaka hilo vumbi ni laini kama poda, na huingia kwenye kompyuta, kwenye unga na kwenye jino bovu. Funga vifaa vyako kwenye ndoo yenye mfuniko. Wakati wa masika, kuanzia Machi, mambo hugeuka: barabara inakuwa tope, na safari ya saa chache inaweza kuwa ya siku mbili. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, fika Juni.

Kutoka Wasso au kijiji cha Malambo kwenda Piyaya hakuna ratiba. Kuna gari la mradi, pikipiki, na siku ya mnada wa mifugo kuna malori. Uliza mnada ni lini, kisha panga safari yako kwa siku hiyo.

Ofisi ya mtendaji

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu.

Kenya ukifika kijijini unakwenda kwa chifu. Tanzania machifu waliondolewa madarakani kisheria mwaka 1963, na aliyeketi mahali pao ni mtendaji: mtendaji wa kata, na chini yake mtendaji wa kijiji. Pembeni yao kuna waliochaguliwa, yaani diwani, mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Na kwa Wamaasai kuna malaigwanani, viongozi wa mila, ambao hawana muhuri lakini neno lao linafika mahali ambapo muhuri haufiki. Barua yako ya utambulisho inatoka kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha kijiji. Usiruke ngazi. Ukianzia shuleni au kwenye zahanati kwa kuwa mwenyeji wako ni mwalimu au mganga, umemtia yeye matatani, si wewe. Toa nakala tano za barua hiyo ukiwa bado Arusha.

Kitabu cha wageni kitawekwa mbele yako. Kina safu ya tarehe, jina, unakotoka, madhumuni, saini. Niliingia pale na kijana mwenzangu, naye kwenye madhumuni akaandika “kusaidia jamii.” Mtendaji alisoma, akakigeuza kitabu kikamwelekea tena yule kijana, akauliza taratibu: “Kumsaidia nani? Kwa kazi gani? Mpaka lini? Unalala wapi?” Haukuwa ukali. Alikuwa anajua kwamba jioni ile ile watu watamuuliza maswali hayo hayo, na “kusaidia jamii” halijibu hata moja. Mwenzangu akafuta, akaandika: “Kufundisha hesabu darasa la 3, hadi Novemba.” Kitabu kikafungwa, chai ikaletwa.

Sababu ya maswali hayo ni ardhi. Mwezi Juni 2022 serikali iliweka alama za mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 la Loliondo, ambalo sasa ni pori la akiba la Pololeti, na kukawa na makabiliano na wafugaji. Mwaka huo huo familia za ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Na kabla ya hapo kuna 1959, mwaka ambao Wamaasai waliokuwa Serengeti walitolewa na Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa. Kwa hiyo mgeni mwenye daftari, anayepiga picha vilima na kuuliza mpaka wa kijiji uko wapi, si mtu wa kuchekewa. Una maoni yako kuhusu suala hilo, na pengine ni maoni mazuri. Yabaki moyoni miezi ya mwanzo. Atakayekueleza kwa hiari, msikilize, usimrekodi. Droni iache kwenu. Na ukianza kuwauliza watu maswali ukiandika majibu, umekuwa mtafiti, na mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia.

Siku chache baadaye utatambulishwa mbele ya mkutano. Simama, sema jina lako, kwenu wapi, nani amekutuma, unafanya nini, unaondoka lini, kisha kaa. Dakika mbili zinatosha. Hotuba ya jinsi unavyowapenda Wamaasai watakutafsiria kwa sentensi moja, na watu watacheka usijue kwa nini.

Sisi Waswahili hupenda kusema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Piyaya jembe si kitu cha kila nyumba. Mimi siku ya tatu nilipewa punda na madumu manne, tukaenda kuchota maji na kinamama. Nakushauri ukiambiwa twende, nenda. Niliyojifunza njiani kuhusu nani ni mke wa nani, mtoto yupi anaumwa na kisima kipi kina ugomvi, nisingeyapata ofisini kwa mwezi mzima.

Ulimi

Kiswahili chako kizuri kitakusaidia Karatu, kitakusaidia na walimu na watendaji. Bomani utakuta ni lugha ya wageni. Watoto wa darasa la kwanza huja shuleni wakijua Kimaa peke yake, na wazee wengi, hasa wanawake, hawakipati Kiswahili zaidi ya salamu. Jifunze angalau haya kabla hujafika: mwanamke msalimie “Takwenya,” naye atajibu “Iko”; mwanamume “Sopai,” atajibu “Ipa.” Kushukuru ni “Ashe oleng,” kuaga ni “Olesere.” Mtoto atakujia ameinamisha kichwa bila kusema neno. Hajakosa adabu, anakusalimu. Mguse utosini kwa kiganja, basi. Kijana mmoja kutoka mjini alidhani mtoto anajificha, akachutama kumtafuta uso. Mtoto akarudi nyuma hatua mbili akainama tena, na tena, mpaka mama mmoja akaja kuwaokoa wote wawili.

Utaulizwa umri, nao watakuhesabia rika lako. Usifanye mzaha hapo. Ukishajulikana rika umejulikana nani umsalimie kwanza, nani utaniane naye, na nani usikae karibu naye wakati wa kula.

Na Kiswahili chenyewe, hicho cha Tanzania, kina mlango wake. Wakenya wa bara, nisameheni: “nipe chai” kwa sikio la Mtanzania ni amri ya askari jela. Sema “naomba chai.” Mkubwa humwamkii kwa “habari” bali kwa “shikamoo,” na hili si la kwenye sinema tu. Stima sema umeme. Mtu akigonga kidole kwenye jiwe, sema “pole” hata kama jiwe si lako.

Bomani

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, beba sukari na majani ya chai. Kilo moja ya sukari na pakiti ya majani ni zawadi kamili, haipungui wala haizidi. Fulana zilizobaki kwenye kampeni ya mtu huko kwenu usizigawe. Utawaacha waliokosa wakinung'unika na waliopata wakiuliza viatu viko wapi. Nyumba ni ya mwanamke, ndiye aliyeijenga, kwa hiyo yeye ndiye wa kukukaribisha ndani. Usiingie kwa kuwa mumewe amekuonyesha mlango.

Utaletewa maziwa. Kibuyu kwanza husafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, mzeituni wa porini: mama hukisugua ndani kwa kile kijinga chenye moto, moshi unajaa, anafunika, anasubiri, anapangusa chembe za mkaa, ndipo anamimina. Maziwa hutoka na harufu ya moshi na punje nyeusi mbili tatu juu yake. Ni matamu, nasema bila kujipendekeza. Lakini ni mabichi, na maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba homa ya brusela, ambayo itakulaza wiki nyingi. Mimi nilifanya hivi: nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaomba niongezewe kwenye chai. Chai ya maziwa huchemka jikoni mbele yako, na hakuna mwenye nyumba anayekasirika kwa mgeni kuomba chai.

Nyama pia ina sharti. Mnyama aliyechinjwa akiwa mzima, kula. Aliyekufa mwenyewe, usile, usimguse, hata nyama iwe nzuri vipi na hata wenzako wakila. Kimeta hutokea mara kwa mara katika nyanda za Ngorongoro, na huua. Ukiumwa, anzia zahanati. Kubwa kuliko hapo ni hospitali ya Wasso, na upande wa hifadhini kuna ya Endulen. Weka akiba ya nauli ya dharura ambayo huigusi kwa jambo lolote, hata harusi.

Jambo dogo kwa walimu na wahudumu wa afya: meno ya kahawia utakayoyaona si uchafu. Maji ya maeneo mengi ya volkano mkoani Arusha yana floridi nyingi, nayo hubadilisha rangi ya meno tangu utotoni. Usimsimamishe mtoto mbele ya darasa kumfundisha kupiga mswaki.

Darasani na malishoni

Usimuulize mtoto kwao kuna ng'ombe wangapi ili upate mfano wa kujumlisha. Kuhesabu mifugo kwa sauti, au watoto wa mtu, ni kuwaitia balaa. Mwenye ng'ombe huwajua kwa rangi, pembe na jina, na jioni akitupa jicho langoni anajua nani hajarudi. Hesabia maharage.

Mahudhurio yakishuka usidhani umeshindwa kufundisha. Tazama nyasi. Kati ya Desemba na Aprili nyumbu hujaa kwenye zile nyanda za nyasi fupi, na huzaa zaidi mwezi Februari. Ndama wao hubeba ugonjwa usiowadhuru wenyewe lakini unaoua ng'ombe, kwa hiyo wafugaji huwaondoa ng'ombe wao kwenye nyanda hizo kipindi hicho, wakaenda kwenye vilima na nyasi duni kuliko zile walizowaachia nyumbu. Kiangazi nacho kina safari zake za kufuata maji. Watoto huenda na mifugo. Mwalimu mwenyeji anajua nani atarudi lini; muulize yeye, na andaa mazoezi ya kumfaa anayekosa wiki mbili. Ukiona viboko au jambo lingine linalokukera, zungumza na mwalimu mkuu mkiwa wawili, mlango umefungwa. Aliyefoka mbele ya wanafunzi hakuondoa kiboko, aliondoka yeye.

Picha, uliza kwanza, kila mara, hata ukiwa umeshakaa miezi sita. Karibu na hapo watalii hupiga kambi zao za mahema kufuata nyumbu, na watu wamechoka kuwa mapambo ya safari za wengine.

Mwezi wa kwanza utahisi hufanyi lolote. Unachota maji, unakunywa chai, unasalimia, unakaa kwenye mikutano usiyoielewa. Vumilia. Mimi nilianza kufanya kazi yenye maana mwezi wa tatu, baada ya mama mmoja kuniomba nimsomee barua ya matokeo ya mwanawe, wakati walimu wanne walikuwa karibu zaidi naye kuliko mimi.

Ukikaribia kuondoka, rudi ofisini kwa mtendaji uage, kisha kwa mwenyekiti, kisha boma kwa boma kwa wale waliokukaribisha. Usiahidi mradi, kisima wala mfadhili. Na kama ulimwahidi mtoto kitabu cha hesabu, kinunue Arusha siku hiyo hiyo unayofika, uandike jina la shule kwa herufi kubwa, ukipeleke stendi. Mabasi ya Wasso hupokea mizigo.